Anga la Mario ni bluu au zambarau? Rangi za gemu za zamani na skrini zilizokusudiwa

Fungua Super Mario Bros. kwenye emuleta mbili tofauti (programu zinazoiga mashine za gemu za zamani), kisha weka madirisha yake ubavu kwa ubavu. Moja inaweza kukuonyesha anga la bluu kama la saa nne asubuhi, na nyingine anga linaloelekea zambarau. Gemu ni ileile, baiti ni zilezile. Ukipima pikseli kwa programu ya picha, ya kwanza itakupa #5C94FC na ya pili #9290FF, na hakuna emuleta iliyosoma namba hizo ndani ya kaseti. Kaseti ina namba moja tu ya anga lile: $22.

Mabishano mengi kuhusu rangi sahihi huanzia katikati. Watu wanabishana juu ya picha mbili kabla ya kuuliza mashine ilitoa kitu gani kwenye waya, na waya ule uliingia kwenye skrini ya aina gani. Jibu hubadilika kwa kila mashine. NES, mashine ya Nintendo iliyocheza Super Mario Bros., ilitoa wimbi la video ambalo TV ililitafsiri yenyewe. Mega Drive ya Sega ilitoa volti zenye ngazi zisizolingana. Game Boy Advance ilikuwa na kioo chake kisicho na taa, na wachoraji waliongeza mwanga kwenye rangi ili kukishinda kioo kile. Ukizichukulia zote kama faili za picha za kompyuta, utakosea kila moja kwa namna yake.

NES: rangi ambayo ni pembe

Chipu ya picha ya NES, 2C02, haina mahali panapohifadhi kiasi cha nyekundu, kijani na bluu. Inatengeneza moja kwa moja lile wimbi la video linalopita kwenye plagi ya njano. Kila rangi ni namba ya biti 6: biti 4 za chini huchagua aina ya rangi, biti 2 za juu huchagua mwangaza. Aina ya rangi hupatikana kwa kusogeza fezi, yaani mahali wimbi linapoanzia, ya wimbi la 3.58 MHz. Kuna fezi 12, zikiachana kwa nyuzi 30. TV hulinganisha fezi hiyo na mpigo mfupi wa rejea unaotangulia kila mstari wa picha, na hapo ndipo inapoamua kwamba hii ni bluu na ile ni zambarau.

Nyuzi 30 si nyingi. TV za NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, zilikuwa na kirekebishi cha Tint kinachozungusha rangi zote kwa pamoja. Kikikosewa kwa nyuzi 10 tu, anga la $22 limekwisha kusafiri theluthi ya njia kwenda kwa jirani yake: $21 yenye bluu ya maji upande mmoja, au $23 yenye zambarau upande wa pili. Juu ya hapo, viwanda vya TV havikufuata hesabu za kitabuni. Nyeupe ya TV nyingi ilipandishwa kuelekea bluu ili ionekane kali dukani, halafu nyekundu ikaongezewa nguvu ndani ya chipu ya kusoma rangi ili nyuso za watu zisionekane za maiti. Japani nyeupe iliyozoeleka ilikuwa karibu na joto la rangi la 9300K, wakati skrini za leo hulenga D65, yaani takribani 6500K. Kwa hiyo TV mbili nzima kabisa, zikiunganishwa na NES moja, zingeweza kukupa maanga mawili, na zote zingekuwa zimefanya kazi zilivyosanifiwa.

Basi uchague paleti gani, yaani orodha gani ya rangi? Ushauri wangu: anza na iliyokokotolewa kutoka kwenye wimbi lenyewe, siyo iliyochorwa kwa macho. Ukitumia emuleta ya Nestopia ndani ya RetroArch, programu inayobeba emuleta nyingi, paleti zimo tayari. Ile inayoitwa composite-direct-fbx imetoka kwenye wimbi la mashine. cxa2025as imebeba jina la chipu ya Sony iliyosoma rangi ndani ya TV nyingi, kwa hiyo ina ule upendeleo wa TV ya sebuleni. pvm-style-d93-fbx inaiga monita ya studio yenye nyeupe ya Kijapani ya 9300K (D93). Jaribu hizi tatu kwenye ukurasa uleule wa gemu, na uangalie ngozi za watu, matofali na anga kwa pamoja. Paleti inayopendeza angani lakini ikageuza ngozi kuwa ya kijani imezungushwa kupita kiasi.

Paleti yako mwenyewe ni faili la .pal lisilo na kichwa wala maelezo: rangi 64 mara baiti 3, jumla baiti 192. Lipe jina custom.pal, liweke kwenye folda ya system ya RetroArch, kisha chagua custom kwenye mipangilio ya Nestopia. Kuna mafaili ya baiti 1536, ambayo ni paleti nane mfululizo. Hizo saba za ziada ni za biti za kutilia mkazo rangi, zinazofifisha rangi nyingine ili nyekundu, kijani au bluu ibaki imejitokeza. Emuleta inayotarajia baiti 192 ikipewa faili refu inaweza kulikataa. Ikiwa faili limekubaliwa lakini rangi zimechanganyikana kabisa, kagua ukubwa wake kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Epuka paleti zilizotokana na chipu ya 2C03 kwa gemu za nyumbani. Chipu hiyo ilikaa kwenye kabati za PlayChoice-10 na ilitoa RGB halisi (nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake) ya biti 3 kwa kila rangi. Picha yake ni kali na ya kuvutia, lakini haina vijivu vya $2D na $3D, huvionyesha kama nyeusi. Kibaya zaidi, biti za mkazo kwenye chipu hiyo hazififishi chochote, zinapandisha rangi husika hadi mwisho. Gemu iliyowasha biti zote tatu ili kutia giza ukurasa, huku itakumulika kwa nyeupe tupu.

Mtu anayetengeneza gemu mpya ya NES asiguse $0D. Volti yake iko chini ya nyeusi, na baadhi ya TV huidhania kuwa ni alama ya kuanza mstari, hivyo picha huyumba. Nyeusi ya kutumia ni $0F.

Sasa kwetu. Kenya na Tanzania zilirusha matangazo kwa mfumo wa PAL, na mashine za kuiga Famicom (NES ya Kijapani) zilizoenea huku zilikuwa za PAL pia. PAL hugeuza fezi ya sehemu ya rangi kila baada ya mstari, TV ikachukua wastani, kwa hiyo kosa la fezi halibadilishi aina ya rangi, linaipunguzia nguvu kidogo tu. Ndiyo maana TV nyingi za chogo tulizokua nazo hazikuwa na haja ya Tint. Ina maana pia kwamba anga unalolikumbuka kama ulicheza Nairobi au Dar es Salaam huenda si lile linalogombaniwa na Wamarekani mtandaoni. Nestopia ina paleti ya pal, anza na hiyo. Na kwenye chipu ya PAL ya Nintendo, 2C07, biti ya mkazo wa nyekundu na ile ya kijani zimebadilishana nafasi, kwa hiyo gemu ya Kimarekani iliyotaka ukurasa uwe mwekundu inaweza kuwa ya kijani ikichezwa kwenye mashine ya PAL.

Jambo moja linalosumbua wanaonunua mashine kutoka nje: konsoli ya NTSC kwenye TV ya PAL tupu huonyesha picha nyeusi na nyeupe, kwa sababu TV inatafuta wimbi la rangi la 4.43 MHz na linalokuja ni la 3.58. Ndivyo ilivyo pia kwa mashine ya PAL kwenye TV ya SECAM tupu, mfumo uliotumika Kongo. Hakuna kilichoharibika. Ama utumie TV inayosoma mifumo yote, ama waya wa RGB, ambao rangi zake hazitegemei wimbi la rangi hata kidogo.

Mega Drive: ngazi zisizolingana, na maporomoko ya Sonic

Hapa rangi ipo kwa nyekundu, kijani na bluu, biti 3 kila moja, hivyo jumla ni rangi 512. Ngazi nane. Mwandishi wa emuleta mwenye haraka hugawa 255 kwa 7 na kupata 0, 36, 73, 109, 146, 182, 219, 255. Mashine yenyewe haikugawa hivyo. Vipimo vya volti zake hutoa takribani 0, 52, 87, 116, 144, 172, 206, 255. Tazama tofauti iko wapi: ngazi ya kwanza juu ya nyeusi ni 52 badala ya 36, na ile iliyo chini ya nyeupe ni 206 badala ya 219. Mapango, usiku na vivuli vinaonekana zaidi kwenye mashine halisi, na nyeupe inajitenga vizuri na kijivu kilicho chini yake. Ukiona gemu ya Mega Drive ina vivuli vilivyomezwa na giza kwenye emuleta, tafuta mpangilio wa ngazi za rangi kabla ya kupandisha mwangaza wa TV. Kupandisha mwangaza kunainua na nyeusi pia, na picha nzima inapauka.

Kwa kuwa rangi zilikuwa chache, wachoraji walipanga milia ya wima: pikseli ya rangi, pikseli tupu, pikseli ya rangi. Maporomoko ya maji kwenye Green Hill Zone ya Sonic the Hedgehog, ya mwaka 1991, ni mfano unaojulikana kuliko yote. Kwenye waya wa RGB au emuleta safi unaona kitana. Kwenye waya wa njano unaona maji yanayopitisha mwanga. Sababu yake inapimika. Katika upana wa pikseli 320, mashine hutoa pikseli 6.71 milioni kwa sekunde. Milia ya moja kwa moja, waka na zima, inakuwa wimbi la 3.36 MHz, jirani kabisa na wimbi la rangi la 3.58 MHz. TV haiwezi kutofautisha vizuri maelezo ya picha na rangi hapo, hivyo inavichanganya. Faida ni kwamba milia inayeyuka. Hasara ni upinde wa mvua unaoelea juu ya milia, na Mega Drive ya kwanza ilisifika vibaya kwa jambo hilo.

Kwa hiyo swali la "RGB au waya wa njano" kwa Mega Drive si swali la ubora peke yake. Mimi nachagua RGB kwa gemu zisizotumia milia, na kichujio cha NTSC kwa zile zinazotumia. Kichujio cha Blargg, kinachoiga picha ya NTSC, kina mpangilio wa kompoziti (waya wa njano) na wa S-Video. S-Video hubeba mwangaza na rangi kwenye nyaya tofauti, kwa hiyo upinde unaondoka, lakini na milia inarudi kwa kiasi kikubwa. Usishangae ukaona maporomoko yameharibika baada ya kununua waya bora zaidi. Waya umefanya kazi yake.

Hudhurungi ya IBM

Hili ni fupi lakini linastahili nafasi yake. Kadi ya CGA ya IBM, ya mwaka 1981, ilituma nyaya nne za ndiyo au hapana: nyekundu, kijani, bluu na ukali. Rangi namba 6 ni nyekundu na kijani bila ukali, kwa hesabu ya moja kwa moja #AAAA00, njano chafu ya mafuta ya gari. Monita ya IBM 5153 iliwekewa saketi ya ziada: ikiona namba 6, inapunguza kijani kwa nusu, na unapata #AA5500, hudhurungi. Mbao, udongo na meza za gemu za DOS zilichorwa zikitegemea saketi hiyo. Monita za bei nafuu zilizoiacha zilionyesha mbao za rangi ya njano. Hapa rangi ya gemu iliamuliwa na sehemu ndani ya skrini, mbali kabisa na kadi na diski.

Game Boy Color na Advance: namba kali kwa kioo dhaifu

Kwenye mashine za mkononi kosa linakwenda upande wa pili. Game Boy Color, ya 1998, na Game Boy Advance, ya 2001, zinahifadhi rangi kwa biti 15, tano kwa kila moja. Ukizitoa zilivyo kwenye simu au kompyuta, zinachoma macho. Vioo vyake havikuwa na taa. Vilitegemea mwanga wa chumba kurudi kupitia vichujio vya rangi, na vichujio hivyo vilivuja: nyekundu ilibeba bluu kidogo, bluu ilibeba kijani.

Fomula inayotumika sana kwa Game Boy Color, ikiwemo kwenye emuleta ya Gambatte, ni hii. Chukua r, g, b za 0 hadi 31:

R = 26r + 4g + 2b
G = 24g + 8b
B = 6r + 4g + 22b

Kila jibu likizidi 960 libaki 960, kisha gawa kwa 4. Nyekundu tupu inakuwa 201, 0, 46. Kijani tupu inakuwa 31, 186, 31. Bluu tupu inakuwa 15, 62, 170, yaani si ile bluu ya umeme ya simu bali bluu ya wino. Nyeupe inakuwa 240 kote. Ukiandika programu yako, jaribu rangi hizi nne kwanza. Zikitoka sawa, nyingine zote zitatoka sawa.

Advance ni ngumu zaidi, kwa kuwa kioo chake cha kwanza kilimeza vivuli. Masahihisho yanayotumika sana yanachukulia gama ya kioo (jinsi mwangaza unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe) kuwa 4.0, kisha yanageuza kwenda 2.2 ya skrini ya kawaida, pamoja na kuchanganya rangi kama hapo juu. Kijivu cha katikati, 16 katika 31, ambacho bila masahihisho ni 132, kinashuka hadi takribani 74. Ni mporomoko mkubwa, na kwa gemu fulani unazidi. Gemu zilizopandishwa mwanga na watengenezaji, kama zile za Super Mario Advance zilizotoka kwenye mashine za TV zikiwa na rangi zilizopaushwa, zinafaidika nayo. Castlevania: Circle of the Moon ya 2001 ni kinyume: ilichorwa giza, watu wakalalamika kwamba hawaoni kitu kwenye kioo kile, na ukiitia masahihisho kamili utarudisha malalamiko yaleyale sebuleni kwako. Harmony of Dissonance iliyofuata mwaka 2002 ilipakwa rangi angavu mno kujibu tatizo hilo. Gemu mbili za mfululizo mmoja, kwenye mashine moja, zinahitaji mipangilio miwili.

Kwa vitendo: kwenye emuleta ya mGBA ndani ya RetroArch, washa masahihisho ya rangi kwenye mipangilio ya moduli, uache kwenye hali ya kujichagulia yenyewe. Ikiwa ni giza mno, zima hapo, tumia sheda (kichujio cha picha) ya gba-color, na punguza kipimo chake cha kutia giza. Usiwashe vyote viwili. Masahihisho yakipigwa mara mbili hutoa picha ya kahawia iliyozama, na ni kosa la kawaida kuliko yote kwa watu wanaosema "rangi halisi za GBA ni mbaya".

Kumbuka pia kwamba Advance SP ilikuwa na matoleo mawili. AGS-001 ya 2003 ina taa ya mbele. AGS-101 iliyofuata ina taa ya nyuma, na rangi zake ni kali zaidi kwa mbali. Mtu aliyecheza kwenye ya pili ana haki ya kukataa masahihisho ya kioo cha kwanza. Vivyo hivyo kwa vioo vya IPS vya kubadilisha, ambavyo kwa kawaida huonyesha namba zilivyo, bila kuiga kioo cha zamani.

Game Boy ya kwanza, ya 1989, haina rangi bali vivuli vinne. Ile paleti iliyoenea, #9BBC0F, #8BAC0F, #306230 na #0F380F, mimi siipendi: vivuli viwili vya kwanza vimekaribiana hadi mawingu na ukuta vinaungana, na kijani chake ni cha jani bichi kuliko kioo halisi, kilichoelekea njano ya zeituni. Sogeza cha pili kiwe katikati ya cha kwanza na cha tatu. Mashine ilikuwa na gurudumu la kontrasti ubavuni, kwa hiyo kila mchezaji alijipangia vivuli vyake. Na kioo kilikuwa kizito kubadilika. Gemu zilizowasha na kuzima kitu kila fremu zilipata nusu-kivuli cha bure. Emuleta isiyochanganya fremu itakuonyesha kitu kinachopepesa. Washa uchanganyaji wa fremu mbili, na kivuli cha tano kinarudi.

Kupanua biti bila kupoteza nyeupe

SNES, mrithi wa NES, ina biti 5 kwa rangi. Ukizidisha kwa 8 tu, 31 inakuwa 248, na nyeupe yako si nyeupe. Zidisha kwa 8, kisha ongeza biti 3 za juu za namba ileile mkiani: 31 inakuwa 255 na 0 inabaki 0. VGA ya DOS ina biti 6. Kuzidisha kwa 4 kunaishia 252, na dawa ni kuongeza biti 2 za juu. Anayebandika picha za gemu mtandaoni aangalie hili, kwa maana picha za 248 zimeenea na watu wananakili paleti kutoka kwake.

Waya

Kwa wanaotumia SNES halisi na RGB, waya wa PAL na wa NTSC ni vitu viwili ingawa plagi ni moja. SNES ya NTSC inahitaji kapasita ya 220 µF kwenye kila waya wa rangi. Ya PAL inahitaji rezista ya ohm 75 kutoka kila waya wa rangi kwenda ardhi. Waya wa NTSC kwenye mashine ya PAL: picha inang'aa kupita kiasi na rangi za juu zinaungana kuwa nyeupe. Waya wa PAL kwenye mashine ya NTSC: picha ya giza. Watu hurekebisha hayo kwa rimoti na kuharibu mpangilio wa mashine nyingine zote zilizounganishwa.

Hatari zaidi ni pini namba 3. Kwenye NTSC inatoa mpigo wa kupanga mistari. Kwenye PAL inatoa volti 12. Waya uliotengenezwa kuchukua mpigo kutoka pini hiyo, ukichomekwa kwenye SNES ya PAL, unapeleka volti 12 mahali panapotarajia chini ya volti moja. Fungua plagi uangalie kabla ya kuchomeka.

Kuipanga skrini

Hakuna paleti itakayokusaidia ikiwa skrini yenyewe inadanganya. Kwenye simu za AMOLED, hali ya Vivid huvuta rangi zote nje ya mipaka ya sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za skrini, na anga la Mario linakuwa la neoni. Ingia mipangilio ya skrini, chagua Natural au jina lolote linalofanana nalo, na zima kichujio cha usiku. Monita za kompyuta zenye rangi pana nazo zinahitaji hali ya sRGB.

Kwa TV ya HDMI, anza na masafa ya mwangaza. Kuna mawili: 0 hadi 255, na 16 hadi 235. Mashine ikituma la kwanza huku TV ikitarajia la pili, vivuli vinamezwa na nyeupe zinaungua. Ikiwa kinyume, nyeusi inakuwa kijivu na picha yote inapauka kama imepakwa vumbi. Linganisha pande zote mbili kwanza, kisha chagua Cinema au Movie, joto la rangi Warm, zima kontrasti inayojibadilisha, na shusha ukali hadi kingo zisiwe na mstari mweupe. Ikiwa Game ndiyo hali pekee inayoondoa ucheleweshaji, hamishia mipangilio hiyohiyo kwenye Game.

Baada ya hapo tumia 240p Test Suite ya Artemio Urbina, programu ya bure ya kupimia skrini, inayopatikana kwa mashine nyingi. Fungua ukurasa wa PLUGE, wenye pau zinazokaribia nyeusi. Shusha mwangaza mpaka pau hafifu zipotee, kisha pandisha taratibu mpaka zianze kuonekana kwa shida, uache hapo. Nenda kwenye pau za rangi zenye ngazi: shusha kontrasti mpaka ngazi mbili za juu kabisa za kila rangi zitengane. Rudi PLUGE, kwa sababu kontrasti huvuta mwangaza. Mizunguko miwili au mitatu inatosha. Rangi na Tint vije mwisho, wala si kabla.

TV ya chogo iache iwake dakika 20 hadi 30 kabla ya kugusa chochote, maana nyeupe yake husogea inapopata joto. Ikiwa kijivu kina wekundu gizani lakini ni sawa kwenye mwanga, hilo ni tatizo la bunduki za rangi kwenye saketi ya shingo ya chogo, na halirekebishiki kwa rimoti. Mpelekee fundi wa TV. Ndani yake mna zaidi ya volti 20,000, na chogo hubaki na chaji baada ya kuchomoa waya ukutani.

Sheda za mistari myeusi hupunguza mwanga, wakati mwingine karibu nusu. Usifidie kwa kubadili paleti. Pandisha taa ya nyuma ya skrini, au kipimo cha mwangaza ndani ya sheda yenyewe. Ukitaka kuiga nyeupe ya Kijapani, sheda ya grade inakuruhusu kuchagua fosfori na joto la rangi, na hapo paleti yako ya NES iwe isiyo na D93 tayari ndani yake, la sivyo bluu itaingia mara mbili.

Na ukitaka kulinganisha chogo na simu kwa picha, funga kamera isijipangie nyeupe: weka 6500K kwa mkono, tumia 1/30 au 1/15 ya sekunde kwa NTSC, au 1/25 kwa PAL, ili mstari mweusi usikate picha, zima HDR, na piga skrini zote mbili kwa mpangilio uleule, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Kamera ikiachwa ijichagulie itaisahihisha ile bluu ya chogo uliyotaka kuionyesha, na picha mbili zitafanana.